Shati la Mzee Pak

Ganshoren, Jumamosi jioni

Mwanangu Nadège,

Rudisha viatu vyako vya baridi ndani ya sanduku. Toa makayabo, toa shati la kitenge, toa na ile chupa ya asali ambayo Maman Odette wa kanisani ameifunga kwa mifuko juu ya mifuko kana kwamba ndani yake kuna mtoto mchanga. Mzee Pak hayupo. Hakufa, hakuhama, hakupotea. Hakuwahi kuwepo. Nilimtunga mimi mwenyewe, ofisini, asubuhi moja ya mvua, na nimekuficha jambo hili tangu ukiwa na meno ya utotoni.

Haya, nimelisema. Ngoja nipumue kidogo.

Kupitia ukuta huu nawasikia wewe na mama yako mnagombana na mzani; sanduku limezidi kilo.

"Vingt-quatre virgule deux," anasema mama yako. "Bon, kitu kimoja kitoke."

"Toa viatu yangu, Maman. Nitanunua bingine kule."

"Na makayabo?"

"Makayabo ya Mzee Pak haitoki!"

Mtoto wangu anakwenda kupigwa na theluji ya Korea akiwa na raba za kitambaa, kwa sababu ya samaki wa chumvi wa mtu ambaye hana hata kinywa cha kumlia. Ndiyo maana nimeomba karatasi na kalamu, nikamwambia mama yako naandika wosia. Alijibu, "Andika haraka, chakula kiko tayari."

Sikuwa na mpango wa kuungama. Mpango wangu ulikuwa kufa pamoja na Mzee Pak, kimya kimya, na mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Daktari wa kule Jette ameeleza kwa adabu kwamba moyo wangu umechoka. Mimi naujua kuliko yeye: unafanya kazi kama mtumishi wa serikali ya zamani, unachelewa kufika na unawahi kuondoka. Nilihesabu kwamba wewe utakuwa mbali, mimi nitakuwa mbali zaidi, na hakuna atakayeuliza. Lakini Jumanne ulitoka chumbani ukiwa umemaliza kuongea na wale watu wa ofisi yako mpya ya ujenzi kule Jeonju, Korea, uso unang'aa, ukasema, "Papa, nimewaambia juu ya Mzee Pak! Wamesema seremala kama huyo hawezi kupotea. Watauliza karakana zote. Kama amekufa, watanionyesha kaburi, na nitaweka maua kwa jina lako."

Mimi nikaomba chai.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Uongo wangu niliubeba mwenyewe na ulinifaa. Sasa unakwenda kuingia nao kazini siku ya kwanza, mbele ya watu wanaojua kila mti na kila fundi wa mji wao, na wewe huna hata habari kwamba ni uongo. Kwa hiyo soma mpaka mwisho kabla hujafunga sanduku. Sitakuambia ule vizuri, uvae shali, upige simu; hayo mama yako amekwisha kuyasema na atayasema tena ukiwa mlangoni. Kuhusu mavazi nina neno moja tu, nalo ni soksi. Tutafika.

Unajua kwamba kabla ya nyumba ya Uccle nilikuwa mtu wa kuchora ngazi za watu wengine. Katika ofisi ile ya wasanifu majengo tulikuwa wengi, na nyumba nzima nzima walichora wakubwa. Asubuhi ile aliingia Madame Seo, mama wa Kikorea, pamoja na mume wake Luc, Mbelgiji daktari wa meno, mrefu mpaka anaingia chumbani kwa awamu. Walikuwa wamenunua kiwanja Uccle, upande wa kusini wa Brussels. Mama mzazi wa Madame alikuwa anakuja kutoka Korea kuishi nao, naye alikuwa amesema wazi kwamba hatazeekea ndani ya friji. Walitaka hanok, yaani nyumba ya jadi ya kwao, lakini ya leo, ya kuvumilia mvua ya Brussels na maswali ya watu wa vibali.

Bosi wangu alikuwa amekwisha kuchora. Lilikuwa sanduku la vioo, na juu yake paa la vigae lililopinda kwenye pembe. Lilifanana na mtu aliyevaa pajama na kofia ya harusi. Madame Seo aliutazama mchoro ule muda mrefu, na kwa heshima tu akanigeukia mimi niliyekaa pembeni.

"Na wewe, Monsieur, umewahi kufika Korea?"

Jibu lilikuwa hapana. Ni neno fupi, hata mtoto analiweza. Lakini mimi nimezaliwa Katuba, Lubumbashi, na kwetu mgeni mwenye uso wa huzuni humjibu hapana tupu. Unamwekea kitu kidogo juu ya sahani. Nikasema, "Un peu." Kidogo.

"Kidogo? Sehemu gani?"

Jioni ya jana yake nilikuwa nimefungua kitabu cha picha maktabani. Nikasema, "Jeonju."

"Kwa nani?"

"Kwa seremala mmoja. Mzee Pak."

Nadège, ule uso ulifunguka kama dirisha. Kabla ya chakula cha mchana nyumba ilikuwa yangu. Mwenzangu wa meza ya jirani alinisogelea akaninong'oneza, "Mtu anafikaje Korea kidogo?" Nikamwambia, "Unakaa siku chache."

Nyumbani ilikuwa ngumu zaidi.

"Weye ulifika Korea?" aliuliza mama yako, mwiko mkononi.

"Kikazi."

"Lini?"

"Mbele ya kukujua."

"Mbele ya kunijua ulikuwa mwanafunzi kule Louvain, ulikuwa unakula mkate na sardini."

"Donc, katikati ya hapo."

Alinitazama kama mtu anayetazama kifuniko kisichoenea sufuria, akarudi jikoni. Lakini alimwambia Maman Odette, na ilipofika Jumapili kanisa zima lilikuwa linaniita Papa Korea. Ningekataaje? Walikuwa wameanza kunipa kiti cha mbele.

Mama wa Madame alifika mwezi uliofuata. Tulimwita Halmoni, ndivyo Wakorea wanavyomwita bibi. Alikuwa amefundisha hesabu shuleni maisha yake yote, na alikuwa na macho ya mwalimu anayejua nani amenakili. Nilialikwa kumsalimia katika nyumba waliyokuwa wamepanga. Nikaenda kama mtu wa Lubumbashi anavyokwenda: suti ya vipande vitatu, kitambaa mfukoni, viatu vya kung'aa ambavyo ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Mlangoni wakanyoosha mkono kuelekea miguuni kwangu. Nilikuwa nimesoma habari za mihimili, habari za vigae, habari za udongo. Habari za kuvua viatu nilizisoma pia. Habari za soksi, hakuna kitabu kilichoniambia. Kidole kikubwa cha mguu wa kushoto kilikuwa nje kizima, kama jirani anayetaka kujua nani amefika.

Kwa aibu nikaruka kuingia ndani, na nikakanyaga kizingiti.

Halmoni akasema neno. Madame akawa mwekundu. "Mama anauliza: kwa Mzee Pak mlikuwa mnakanyaga kizingiti?"

"Mara chache," nikasema.

"Na soksi, mafundi wake wote walivaa hivyo?"

"Jeonju kuna joto, Madame."

Halmoni alicheka mpaka akakaa chini. Tangu dakika ile alijua, na alijua kwamba mimi najua kwamba anajua. Hakunifichua hata siku moja. Ila kila nilipoaga, mwaka mzima wa ujenzi, aliinamisha kichwa, uso mkavu kama wa hakimu, akasema kwa Kikorea maneno ambayo mwishowe sikuhitaji kutafsiriwa: "Msalimie Mzee Pak."

Sasa nikuambie nilijifunzia wapi, kwa sababu nyumba ile si uongo. Nilijifunzia sakafuni. Nilileta michoro ya kwanza na madirisha yote nilikuwa nimeyaweka kama tunavyofundishwa, kwa jicho la mtu aliyesimama. Halmoni akaniambia nikae chini. Nikakaa, suti na yote, magoti yakilia kama bawaba. Akaleta sanduku la karatasi, akaliweka ubavuni kwangu, akauchukua mkono wangu na kuuweka juu yake kiwiko kipumzike. "Mama anasema dirisha lianzie hapo." Nikatazama. Nje kulikuwa na mti ambao nilikuwa sijauona tangu nianze kuja. Mtu akikaa chini nyumba inakuwa nyumba nyingine, na mimi nilikuwa nachora ile ambayo hakuna mtu angekaa ndani yake.

Tatizo likawa Luc. Kiwiko cha Luc, hata akikaa, kiko kwenye ghorofa ya pili. Na milango ya hanok ya kweli ni mifupi. Katika kiolezo tulichosimamisha kwa mbao aligonga kichwa mara nyingi hivi kwamba alianza kuomba radhi kwa mlango. Basi chini nikamfuata mama mkwe na juu nikamfuata mkwe, madirisha yakatoka marefu na membamba. Baadaye mtu mmoja aliandika kwenye jarida kwamba madirisha yale ni mazungumzo ya heshima kati ya tamaduni mbili. Yalikuwa mazungumzo kati ya kiwiko cha mama na paji la uso la dokta wa meno.

Unaijua nyumba yenyewe. Upande wa barabara ni matofali, kama jirani zake. Ukiingia unakuta ua mtupu wa mchanga mweupe, na vyumba vya zege, kioo na mbao vimeuzunguka. Jirani wa kushoto hakuacha kuuliza nyasi zitapandwa lini. Hazitapandwa; mchanga ule unaupokea mwanga na kuurusha mpaka kwenye dari. Upana wa paa ulipimwa ili jua la kiangazi lizuiwe na jua la baridi liingie. Kwa jua la Brussels, hesabu hiyo ni kama kumwekea kiti mjomba aliyeko Kanada, lakini Halmoni aliikagua mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Na milango ya karatasi ndiyo uliyoitoboa wewe, siku ya kwanza niliyokupeleka. Ulilamba kidole, ukatoboa, ukachungulia, ukakuta jicho la Halmoni upande wa pili. Alikuwa ametoboa kabla yako.

Kosa langu kubwa lilikuwa sakafu. Na hapa ninaomba usome polepole, maana ndilo nililokusudia kukuachia.

Katika hanok ya zamani moto wa jikoni hupita chini ya sakafu. Wanaiita ondol. Mawe yanapata joto, watu wanakaa na kulala juu yake, na sehemu iliyo karibu na moto, mbali na mlango, ndiyo yenye joto kuliko zote. Hapo ni pa wazee. Sisi hatukuwa na moshi, tulikuwa na mabomba ya maji moto ndani ya zege. Fundi wa mabomba akaniuliza, "Wapi niyabananishe?" Sikumuuliza Halmoni. Nilijibu kama mtoto wa Katuba. Kwetu, baridi ya asubuhi ya mwezi wa sita, mkaa unawekwa karibu na nani? Mgeni. Mgeni anapewa mahali pazuri, karibu na pa kuingilia, asijione amesukumwa. Nikamwambia fundi, "Mlangoni."

Ikaja Novemba. Viatu vya familia nzima vilikuwa vinaiva. Halmoni alikuwa mwisho wa chumba, mahali pa heshima, na koti na mablanketi, anatoa mvuke mdomoni. Mtu aliyefurahia nyumba kuliko wote alikuwa mleta barua.

"Madame, hakuna ya kutia sahihi?"

"Hakuna leo."

"Hata ya jirani? Ninaweza kusubiri."

Niliitwa. Halmoni alikuwa amekaa wima kama malkia aliyesahauliwa sokoni.

"Mama anauliza: kwa Mzee Pak, wazee walikuwa wanalala nje?"

Nilifungua kinywa niungame. Naapa, neno lilikuwa kwenye ulimi. Badala yake nikajikuta naeleza habari za mgeni wa Lubumbashi na mkaa wake. Ilikuwa mara ya kwanza kusema kitu cha kweli katika nyumba ile. Halmoni hakucheka. Alianza kuuliza: nani anakaa wapi kwenu? Nani anapakuliwa kwanza? Mama yako anakaa wapi? Nikamwambia mama yangu anakaa kwenye kigoda, kwenye mlango wa jiko, ili aone nani anaingia uani kabla mbwa hajamwona.

 Halmoni akasimama, akachukua mto wake, akavuka chumba chote mpaka mlangoni, akasukuma viatu kwa mguu, akakaa.

"Mama anasema usivunje sakafu. Atakaa na wageni."

Na akakaa hapo mpaka alipokufa. Kifaransa chake alifundishwa na mleta barua, pamoja na maneno ambayo Madame alikataa kunitafsiria. Mtaa mzima walimjua. Hata jirani wa nyasi alikuja kupasha miguu. Kule uendako watakuonyesha mapaa, viungo vya mbao visivyo na msumari, vioo vya kisasa vilivyopachikwa vizuri sana kati ya nguzo za zamani. Shangaa, ni vizuri. Halafu uliza bibi anakaa wapi, na utulie uone kama wana jibu. Mimi nilipata nusu ya jibu kwa kukosea, nusu nyingine alinipa yeye kwa kusamehe.

Nimeandika ukurasa mzuri, mama yako kanigongea, nimekula, nimerudi. Tuendelee na aibu.

Utauliza, Papa, kwa nini hukumuua Mzee Pak kama binadamu mwenye akili? Nilijaribu. Ulikuwa darasa la nne. Nilirudi nyumbani siku moja na uso wa msiba nikasema nimepata habari mbaya kutoka Jeonju. Mama yako akaketi. Alikuwa amempenda mzee yule, kutokana na hadithi zangu tu. Kufika jioni Maman Odette alikuwa hapa na sufuria ya pondu ya majani ya muhogo, baba mchungaji yuko kwenye kochi, wanawake wanaimba, na mtu ananiuliza marehemu ameacha watoto wangapi. Nikasema sita. Kwa nini sita? Sijui. Walilia kwa ajili ya wote sita. Nilishindwa kuvumilia, kabla ya wiki kwisha nikatangaza kwamba kulikuwa na makosa, aliyekufa ni ndugu yake. Kanisa likatoa shukrani. Ukifanya hesabu utaona Mzee Pak sasa ana karibu miaka mia moja, na mama yako anasema ni kwa sababu ya ufufuo ule.

Sasa lile jambo la safari. Wewe unakumbuka nimekwenda Korea. Unakumbuka kwa sababu ulilia kwenye uwanja wa ndege wa Zaventem ukinishika mguu, na nilirudi na mwanasesere wa nguo za rangi. Nyumba ilipokwisha, Madame Seo na Luc walinipa bahasha yenye tiketi: shukrani yao, nikamwone Mzee Pak tena. Halmoni alisimama nyuma yao. Alikuwa na chupa ndogo ya udongo, zawadi ya kumpelekea Mzee Pak, na aliniwekea mikononi bila kutikisa hata unyusi.

Nikafunga sanduku. Mkanisindikiza wote. Nikapita kule ambako wasindikizaji hawapiti, nikageuka, nikawapungia. Nilisubiri mpaka mmekwenda. Halafu nikatoka kwa mlango mwingine, nikapanda treni, nikaenda Jette, kwa Tonton Hamisi.

Ndiyo. Wakati wote ule nilikuwa Jette. Ukisimama kwenye baraza yetu unaona bomba la moshi la jengo lake.

Tonton Hamisi unamjua, Mrundi wa Bujumbura, mtu wa swala tano, alikuwa anafanya kazi ya kutunza wazee. Nilimwambia siwezi kwenda kumtafuta mtu asiyekuwepo, na alicheka mpaka akakatisha kutia udhu akaanza upya. Nililala sakafuni kwake makusudi, ili nirudi na mgongo wa Korea. Sikutoka nje mchana. Mwanasesere nilimtuma yeye akamnunue mjini, na mwenye duka alimuuliza umri wa mtoto, akasema hajui, mtoto si wake, baba yake yuko Korea, amelala sebuleni. Siku ya tatu nilipata homa.

"Mzee," aliniambia, amesimama juu yangu na paracetamol, "wewe utafia hapa kwangu, na watu watasema umefia Korea. Mimi mwili nitaupeleka wapi? Nitaupeleka Zaventem uanze kushuka?"

Nilipona kwa woga. Nikarudi nyumbani na mwanasesere, chai ya mizizi kutoka duka lile lile, na hadithi za majuma kadhaa. Mama yako alisikiliza zote. Alipofungua sanduku langu kufua nguo, alinusa shati moja, akasema, "Korea iko na harufu ya ubani ya Hamisi." Kisha akaliweka kwenye mashine. Hajasema tena.

Nadhani anajua. Nadhani anajua yote kwa muda mrefu. Alipokuja na futi juzi kuniuliza vipimo vya Mzee Pak, ili amshonee shati, aliuliza akiwa anatazama dirishani. Mabega? Nikataja. Kifua? Nikataja. Urefu wa mkono? Nikataja. Mwili mmoja tu ndio ninaoujua vipimo vyake, mwanangu. Na alishona na kule kwenye bega la kulia ambako mimi nimeinama kidogo tangu operesheni, nami sikuwa nimemtajia kuinama.

Kwa hiyo liache hilo shati juu ya kiti. Nitalivaa mimi kesho. Makayabo tutakula Jumapili ijayo na Tonton Hamisi, ana haki nayo. Wale watu wa Jeonju uwaandikie kesho kabla hujapanda, uwaambie baba yako alidanganya, na mwalimu wake alikuwa mwalimu wa hesabu, mwanamke, alikaa mlangoni Uccle. Watacheka. Kama ni wajenzi wa kweli watakuuliza sakafu ilikuwaje.

Na kesho nitakuja Zaventem. Najua mmekwisha kupanga nibaki na Maman Odette kwa sababu ya miguu. Tangu safari yangu ile sijawahi kumsindikiza mtu pale, na kila mara nilitaja miguu, hata nilipokuwa bado nacheza mpira. Kuna benchi moja naijua. Nitakaa hapo na shati langu mpaka ndege yako iondoke.

Nilitaka kuishia hapa. Mama yako amekuja kuzima redio, amenitazama, amesema, "Umeandika yote?" Nimesema ndiyo. Amesema, "Bon," na amesimama hapo hapo mlangoni, haondoki. Basi naandika na hili.

Nilichomwambia Hamisi hakikuwa sababu. Mtu anaweza kwenda Korea bila Mzee Pak; Korea iko pale pale, ningetembea, ningetazama nyumba, ningerudi nikasema mzee amehama. Unaijua ile hadithi yangu ya safari ya kuja Ulaya, ndege ilipoanguka angani kama ndoo kisimani na mtawa niliyekaa naye akanishika sikio akasali rozari nzima bila kuliachia. Nimeisimulia kwenye kila harusi. Mnacheka, na mimi nacheka. Sasa fikiri: Lourdes tulikwenda kwa basi. London, kwa basi. Harusi ya binamu yako Lisbon, kwa basi siku mbili, nikawaambia ni ili muone nchi. Mama yako alifunga chakula cha njiani kila mara na hakuuliza.

Mwaka ule bibi yako alipokufa Lubumbashi, wewe ulikuwa na miaka tisa. Kabla ya hapo, kila tulipoongea kwenye simu, alikuwa ananiuliza nitakuja lini, nami namjibu mwaka ujao. Niliwaambia shangazi zako, kanisa, na wewe, kwamba karatasi zangu za ukaazi zimekwama, siwezi kutoka. Walinihurumia. Bado wananihurumia.

Siku moja si mbali watakupigia simu juu yangu. Uje, au usije. Ukishindwa, sema kilichokushinda, kwa jina lake la kweli, na mimi sitakuwa na neno.

Karatasi zilikuwa sawa zote. Tiketi nilikuwa nayo mfukoni, na nilikaa kwenye benchi ile Zaventem, koti magotini, nikasikia ndege ya Lubumbashi inaitwa mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya mwisho. Niliogopa kupanda, Nadège. Mama yangu alizikwa bila mimi kwa sababu naogopa ndege.

Papa yako